Fedha ya Shaba

Katika miaka yangu ya mwisho ya kuishi Doha, nilinunua kwenye soko la mtandaoni sarafu ya shaba ya Zanzibar yenye sura ya mizani, mfano wa ile aliyoipoteza mama yangu. Muuzaji alikuwa Marekani, na soko lilikuwa limekwisha kunikata kodi ya mauzo ya jimbo la huko ambako wakala wangu wa usafirishaji alipokelea vifurushi kabla ya kunitumia Doha. Nilidhani habari ya kodi imekwisha.

Fomu ya forodha ya Doha ilitaka majibu ya Kiarabu. Palipoulizwa aina ya bidhaa niliandika "fidda", neno la Kiarabu lililozaa "fedha" yetu, kwa kuwa nilikuwa nikifikiri kwa Kiswahili, ambamo fedha ni pesa. Kwa Mwarabu neno hilo ni yale madini meupe tu, na madini ya thamani yalidaiwa cheti. Bila cheti kifurushi kingerudishwa, na muuzaji yule hakukubali bidhaa irudishwe.

Nilipofika forodhani, afisa alikifungua kifurushi, akaigeuzageuza sarafu penye mwanga.

"Ustadhi, fidda iko wapi? Hii nyekundu kama chai yangu!"

"Kwetu," nikamjibu, "sarafu yoyote ni fedha, hata ikiwa ya shaba."

"Basi kwenu nyote matajiri!" Akacheka, akanisogezea kalamu.

Nikalikata neno langu, nikaandika la shaba, nikalipa ushuru na kuondoka nayo.

Nyumbani, katika daftari langu la sarafu, penye madini niliandika "shaba". Penye maelezo niliandika "fedha ya mama".