Jipu la mkono wa dada yangu: nilidhani ni jicho langu, kumbe ni kisonono

Wakuu, asalaam alaykum, na wasio Waislamu habari zenu.

Mimi ni msomaji wa kimya humu, huu ndio uzi wangu wa kwanza. Nyumbani watu hunisahau kama nipo, kwa hiyo kuandika mbele ya watu wote hawa si jambo dogo kwangu. Majina nimebadilisha. Mengine yote ni kama yalivyotokea, hata yale yanayonitia aibu mwenyewe. Atakayesema ni chai, na anywe tu.

Nina miaka 17, nipo Form Three, tunakaa Madungu, Chake Chake. Baba muda mwingi yuko Kiuyu shambani. Nyumbani nipo mimi na Mama. Dada yangu Riziki ana miaka 23, kaolewa mwaka huu, kwake ni Tibirinzi, si mbali. Mumewe ana duka la nguo Dar, akikaa huku wiki mbili anarudi kule mwezi mzima. Akiondoka, Riziki anahamia kwetu.

Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipo.

Wakuu, nilikuwa namwonea wivu Riziki mpaka chakula hakipiti.

Alipoolewa nilirithi kitanda. Akija, nakihama mimi, narudi kwenye mkeka. Tukipika samaki, kichwa cha changu anawekewa yeye. Nguo zake nafua mimi. Mama bado anamwita "bibi harusi" wakati hina ya harusi ilishafutika zamani. Na zile bangili tatu za dhahabu mkono wa kulia! Akikatakata mchicha zinalia chli chli chli, nami nipo pembeni na hesabu zangu za logarithm.

Mimi siwezi kusema ya moyoni mbele za watu, naandika. Daftari langu la hisabati ukiligeuza kwa nyuma ndiyo diary yangu. Siku moja Mama alimsifu Riziki mbele ya wageni, mimi nikatumwa maji. Nikaenda kuandika hivi, nanukuu maandishi yangu mwenyewe:

"Mungu nisamehe. Natamani zile bangili zimshinde kuvaa."

Siku ya tano yake Riziki aliamka na homa. Goti linauma, kesho yake goti limetulia, kiwiko ndicho kinachouma. Halafu mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo, ukaanza kuvimba. Mwekundu, wa moto. Bangili zikabana. Mama alizitoa kwa sabuni, moja moja, Riziki analia kama mtoto.

Mimi nimesimama mlangoni, nikakumbuka daftari langu.

Zimemshinda kuvaa.

Majirani wakaja kutazama. Mmoja akasema jipu, mwengine akasema tambazi, yaani uvimbe ule wa ndani unaotembea. Mama hakutaka kusikia.

"N'kono huu una jicho la hasidi," akasema. "Jipu gani likae pahala pa dhahabu?"

Na mwenye jicho akampata papo hapo: Bi Mize, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Eti siku ya harusi alimshika Riziki mkono akasema, "Mkono umeikubali dhahabu huu!" na hakusema mashaallah ya kukinga jicho. Mama alilikumbuka neno hilo miezi yote hiyo!

Basi Riziki akafukizwa ubani. Akaandikiwa kombe, zile aya za zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji ya waridi akanywa. Jipu linazidi tu.

Bi Mize alileta uji wa mgonjwa kwenye bakuli lake la maua. Mama aliumwaga nyuma ya nyumba, akanipa bakuli nirudishe. Tupu. Huku kwetu bakuli la mtu halirudi tupu, hata chumvi utatia. Bi Mize alilipokea, akaangalia ndani, akaniangalia mimi.

"Haya mwanangu. Msalimie mamako."

Sikulala vizuri siku ile. Lakini nisiwafiche, hata katika hali hiyo wivu haukuniacha. Watu wanamletea machungwa, wanampepea, wanamwita roho yangu. Nikawa naona wivu hata jipu.

Siku ya nne ya jipu usaha umejaa, vidole havikunjiki. Mama katoka kumfuata shehe tena. Nikaona dada yangu anaweza kupoteza mkono na dawa ninayo mimi, ni kukiri. Nikachukua daftari, nikakaa chini kando ya kitanda chake, nikamsomea ule mstari.

Riziki alinitazama. Kisha akacheka, wakuu. Akacheka na homa yake mpaka akashika ubavu.

"Wewe mtoto, jicho lako lingekuwa na nguvu hivyo si ungeshafaulu hisabati?"

Halafu kicheko kikageuka kilio.

"Si wewe," akasema. "Mie kuna kitu kinanisumbua tangu shemejio aondoke safari hii. Haja ndogo inaniunguza. Na uchafu unanitoka. N'likuwa naona haya kumwambia Mama."

Akasema kabla mumewe hajaondoka alimkuta anameza vidonge kwa kificho. Alipomuuliza, akaambiwa ni vya tumbo.

"Nipeleke hospitali. Mama akirudi tutamwambia tumekwenda kupima presha."

Tulimkuta dakta wa kike, mtu mzima, maneno machache. Akaangalia mkono, akauliza maswali mpaka yale ya aibu. Mimi nikataka kutoka, Riziki akanishika baibui nikae. Jipu lilipasuliwa, usaha ukachukuliwa kupimwa, na vipimo vyengine vya chini. Akalazwa, Mama akaambiwa ni kwa ajili ya jipu tu.

Majibu yalipotoka dakta alivuta kiti.

"Bi Riziki, hiki ni kisonono."

"Cha mkononi?" Riziki akauliza. Hata mimi nilidhani wamechanganya karatasi.

"Kinaanzia chini kama kawaida. Kisipotibiwa, mara chache wadudu wanaingia kwenye damu, wanatua kwenye viungo, wanatua chini ya ngozi. Wewe wametua hapa. Si jambo la kila siku, ndiyo maana tumepima usaha. Sindano zitakuponya. Lakini mumeo asipotibiwa, utakipata tena."

Jioni ile alimpigia mumewe, simu nimemshikia mimi sikioni, mkono wake una bendeji. Nilisikia yote. Kwanza shemeji akasema yeye mzima. Halafu akapandisha sauti:

"We umekitoa wapi?"

Wakuu, nilijua hapa ndipo mambo mengi yanapoharibika. Mwanamke ataambiwa yeye ndiye mchafu, atarudishwa kwao, na mji mdogo huu.

Riziki hakupandisha sauti.

"Nimekitoa ndani ya nyumba yangu. Nyumba hiyo ina watu wawili. Ukija, uje na karatasi ya sindano. Usije na kitenge."

Akaniashiria nikate.

Hapo nilimwonea wivu upya, wivu wa aina nyengine. Mimi hata kumwambia mwalimu sijaelewa siwezi.

Riziki alirudi nyumbani amepona. Mama akashukuru kombe, na Bi Mize akabaki mchawi. Riziki hawezi kusema ukweli, na mimi siri si yangu kuitoa. Lakini kila asubuhi nasikia Bi Mize anakohoa upande wa pili wa ukuta, hasalimii tena.

Nikamfuata Mama jikoni.

"Mama, jicho si la Bi Mize. Ni langu. Nilimwonea wivu dada, na hata kuandika niliandika."

Ni kweli tupu, wakuu, hata neno moja la uongo sikusema. Mama aliacha mwiko ndani ya chungu.

"Astaghfirullah. Ntoto wangu mwenyewe?"

Nilifukizwa ubani mpaka macho yakavimba. Kisha Mama akachukua bakuli letu kubwa, akalijaza mkate wa kumimina, akalifunika kitambaa. Alinikabidhi na kunionesha ukuta wa Bi Mize kwa kidevu.

Bi Mize alifunua, akacheka kidogo.

"Kumbe dada'ko kapona."

Shemeji alikuja baada ya wiki mbili, na karatasi. Riziki hakumfungulia mpaka alipoipeleka kwa dakta ikasomwa. Kama atamsamehe sijui, hajaniambia na sijamuuliza.

Nilichojifunza: jipu lenye homa na viungo kuuma kwa kuhama hama, nenda hospitali, ubani utajifukiza ukirudi. Ukiungua haja ndogo, usione haya. Na mkitibiwa mtibiwe wote wawili, usimeze vidonge kwa kificho ukamwachia mwenzio ugonjwa.

Swali langu kwenu: Mama aambiwe ukweli, au nibaki hivi hivi na jicho langu? Wenye uzoefu nishaurini, matusi msinitupie.

Riziki ana kovu, sasa bangili anavaa mkono wa kushoto. Bado zinalia chli chli akikata mchicha, na bado moyo unanichoma.

Nasema mashaallah. Kwa sauti, Mama asikie.