Harusi Iliyosogezwa Siku Mbili

Saa tano asubuhi, ghorofa ya tatu, Mchafukoge, Dar es Salaam. Severa Mlay anasimamisha godoro dirishani ili honi za mtaani zisiingie kwenye kipaza sauti, anajifunga kanga kiunoni, anaanza kulia. Analia vizuri. Kisha anakunywa maji na kumfokea mkwewe kwa sauti nyingine kabisa.

Severa, 36, huingiza sauti za Kiswahili kwenye filamu za Kihindi: mapenzi, ugomvi wa mama mkwe, watoto waliofukuzwa nyumbani. Bibi harusi, mama yake, wifi mwenye gubu, wote ni yeye. Filamu moja humpa Sh60,000, na mwezi ukiwa mzuri hupata tano.

Ya leo hailipwi. Anairudia filamu iliyokwisha kutoka, ili mtu mmoja tu aione upya.

Kisa ni neno. Kihindi alikiokota kwa kutazama filamu, alipokuwa akiuza sufuria dukani kwa kaka yake, Kariakoo. Sasa kwa Kihindi "kal" ni jana, na ni kesho pia. Mama wa kwenye filamu alipowatangazia majirani kwamba harusi ya binti yake ni kesho, Severa akasema, "Harusi ilikuwa jana."

Basi, filamu nzima ikageuka. Binti anayeikimbia ndoa ya kulazimishwa akawa mke wa mtu anayetoroka na hawara. Kwenye kibanda cha video pale Gerezani watu walimzomea: "Mke wa mtu sumu!"

Aliyegundua ni muuza viungo wa ghorofa ya chini, Madhuben, 71, ambaye jengo zima humwita Mama Paras. Alipanda ngazi na magoti yake mabovu.

"Nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akasema, 'Binti, mtoto wa watu umemharibia jina,'" anasimulia Severa.

Mwenye studio, Mbaruku, hakuona tatizo. "Imeshauzwa, watu wameshalia, kuna nini tena?" anasema hata leo. Severa aling'ang'ania, na sababu yake si ya kazi.

Miaka tisa iliyopita, kwao Rombo, naye alitoroka. Mbege, pombe ya posa, ilikuwa imeshanywewa, lakini yeye mchumba hamtaki. Alipanda basi la Dar siku moja kabla ya harusi. Tangu hapo hajakanyaga kwao, hata Krismasi, Wachaga wenzake wanapofunga maduka na kwenda nyumbani.

Na mama yake, Celina, aliiona filamu ile.

"Akanipigia. Miaka yote hapigi! 'Umemwona mwenzio? Mke wa mtu, hana haya kama wewe.' Jamani, mimi sikuwa mke wa mtu! Na maneno hayo nimempa mimi, kwa mdomo wangu. Iliniuma sana."

Mama Paras, aliyeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akisikiliza Kihindi, anainua kidole. Ni zamu ya mama wa bibi harusi.

"Jirani zangu," Severa anasema, "harusi ni kesho."

"Hapo sawa," anasema Mama Paras.

Desemba hii Severa anapanga kwenda Rombo na filamu hiyo kwenye flashi, aketi na mama yake waitazame mpaka mwisho.

"Akinisamehe, nitashukuru. Akisema bado sina haya, basi atakuwa amesema ya kwake. Si maneno niliyompa mimi."