Kilo Arobaini na Tatu

Mwezi uliopita nilirudi Kolwezi kumsaidia mama kuhama nyumba, na siku ya pili tu nikapita mbele ya kinyozi mmoja wa mtaa wa Dilala ambapo vijana watano walikuwa wakigombana juu ya ngumi. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la mafuta ya nywele, inaonyesha pambano, na wao hawakulitazama hata kidogo, maana kila mmoja alikuwa na bondia wake wa kutetea. Nani atakayefuata kuwa mkubwa wa kilo kwa kilo? Mmoja alishikilia Mmeksiko fulani wa mkono wa kushoto. Mwingine aliapa kwamba ni kijana wa Kinshasa ambaye bado hajavuka hata mpaka. Waliponiona nimesimama wakasogea kunipisha, na mmoja akaniuliza kwa utani, "Mama, na weye unasema nani?" Mimi, rafiki yangu, ambaye unajua sijawahi kukosa la kusema, nilijifanya naangalia saa, nikaondoka. Masikio yalikuwa yanawaka mpaka nilipofika nyumbani.

Ngoja nikueleze sababu, maana kabla ya safari hii sikuwahi kumwambia mtu.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili tulikaa katika zile nyumba za zamani za kampuni ya mgodi, zenye mabati yaliyoliwa na kutu na ua mkubwa kuliko nyumba yenyewe. Asubuhi niliamshwa na kinu cha nyanya, ambaye sisi watu wenye asili ya Kasai tunamwita kaku, akitwanga sombe huku akilalamika kuwa kisamvu cha huku hakina ladha. Baada ya shule kazi yangu ilikuwa kuchota maji, kuosha sufuria kwa mchanga, halafu kumpelekea tata, yaani baba yangu, chakula chake kazini. Nikishamaliza hayo nilikuwa huru, na uhuru wangu wote niliupeleka ukumbini.

Ukumbi huo zamani wafanyakazi wa kampuni walikuwa wakichezea dansi. Wakati wetu zilikuwa zimebaki kuta, sakafu ya saruji na mifuko mitatu ya ngumi iliyojazwa vitambaa. Mpaka leo nikisikia kamba inapiga saruji, tap tap tap, nasikia na harufu ile ya glavu za ngozi zilizolowa jasho la watu kumi na kukaushwa juani. Mwalimu wa ngumi alikuwa mstaafu wa mgodi, pua imepinda, sauti ndogo. Mimi sikupigana. Nilikuwa na mwandiko mzuri na mdomo usiopumzika, na nadhani alinipa daftari la uzito ili angalau mkono uwe na kazi wakati mdomo unaendelea. Kila mwanzo wa mwezi mabondia walikwenda zahanati, muuguzi akawapima, nami nikaandika. Sharti lake lilikuwa moja: hakuna kupigana na mtu anayekuzidi zaidi ya kilo mbili.

Jioni tulikaa kwenye ngazi za ukumbi, saruji bado ina moto wa mchana, tunapitishana kikombe cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, na kubishana. Watangazaji wa Kifaransa walikuwa na neno lao, livre pour livre, na sisi tukasema kilo kwa kilo. Ondoa uzito, fanya mabondia wote wa dunia wawe na kilo sawa, kisha uniambie nani anabaki amesimama. Tulianza na mabingwa wa Ulaya na Amerika, lakini kabla ya kikombe kuisha tulikuwa tumeshafika kwetu wenyewe. Nani kati ya hawa wetu ndiye atakayesemwa na dunia kesho?

Mimi nilikuwa na mtu wangu. Alikuwa kijana mdogo wa mtaa wa Kasulo, mwenye miguu ambayo huwezi kuisikia ikigusa chini. Tulisoma darasa moja, na alipokosa kalamu alichukua yangu bila kuomba. Baba yake alichimba shimo la madini ndani ya nyumba yao, chumbani kabisa, kama majirani zake wote, na mtoto akilala alisikia sauti ya baba yake chini ya kitanda. Nilimtetea kila jioni kana kwamba nalipwa. Hajawahi kuguswa usoni, nilisema, nionyesheni mwingine.

Upande wa pili walikuwa na mtu wao, kijana mrefu, mwana wa jirani yetu aliyekaanga mandazi. Alikuwa ametoka Likasi muhula ule ule, mikono mirefu, mabega yameshaanza kuwa ya mtu mzima. Wakasema mtu wako hajawahi kukutana na huyu. Nikasema basi wakutane. Mwalimu akasema, kwa macho tu naona huyu anamzidi mwenzake, sikubali mpaka nione kilo zake. Na siku ya kupima zahanati ilikuwa imeshapita, mrefu akiwa sokoni na mama yake. Ilibidi kusubiri mwezi mzima.

Mwezi mzima wa kuchekwa! Sikuweza. Na hapo ndipo nilipokumbuka mizani ya tata.

Tata alipima mifuko kwenye depo moja kando ya barabara, mahali ambapo wachimbaji walileta mawe yao yenye kobalti. Depo ilikuwa ya bwana mwingine. Tata alisoma mizani tu na kutaja uzito kwa sauti. Alikuwa mtu mpole, ambaye hata kuku alishindwa kumchinja, akamwachia kaku. Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimepita pale na mama, tumetoka kununua mfuko wa unga wa kilo ishirini na tano, bado umeshonwa. Kwa mchezo nikaupandisha kwenye mizani. Mshale ukasimama kwenye ishirini. Mama alitazama pembeni. Tata akaushusha mfuko mwenyewe, haraka, akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu.

"Iyi mizani inapimaka majiwe, haipimake bunga," alisema. "Usiseme ile ku inje, mwana."

Sikuwa mjinga. Nilielewa siku hiyo hiyo. Nilielewa pia kwamba sitalisema, maana nusu ya watoto wa ukumbi ule baba zao waliuza mawe pale.

Basi nikamchukua mrefu saa ya mchana, wakati tata amekaa kivulini na bukari yake, yaani ugali, nikampandisha. Mshale ulisimama kwenye arobaini na tatu. Mrefu mwenyewe alishangaa, akajishika mbavu kuona kama amekonda. Yule kijana wangu mdogo, kwa mizani ya kweli ya zahanati, alikuwa na arobaini na mbili. Niliandika namba hiyo vizuri sana, nikaipigia mstari kwa rula. Kusema kweli sikuona kuwa nafanya ubaya. Niliona nafungua mlango. Niliamini kijana wangu angeshinda hata ukimletea ng'ombe, na ushindi huo ungekuwa wangu pia.

Mwalimu alisoma daftari, akamtazama mrefu kuanzia kichwani mpaka miguuni. Akauliza kapimwa wapi. Nikasema, kwa tata, depo. Na kwa bahati yangu mbaya baba yake yule mdogo alikuwa amesimama pale pale, amekuja kutoa ruhusa yake kwa pambano, udongo mwekundu bado umekauka kwenye viwiko. Kila mtu alijua kwamba mzee huyu alikuwa akigombana na depo kwa majuma, akisema mifuko yake inapungua njiani na haina tundu.

Hakumgeukia mwalimu. Alinigeukia mimi.

"Mutoto," alisema polepole, "ile mizani ya tata yako iko inapima muzuri?"

Nilimwona kijana wake nyuma yake, anafunga bendeji mikononi, ananitabasamia. Ningesema hapana, pambano lisingekuwepo, na jioni hiyo hiyo watu wangekwenda depo kumuuliza tata. Ningesema sijui, na kila mtu angejua kuwa najua.

"Iko inapima muzuri, tata," nilisema.

Alinitazama kidogo. Kisha uso wake ukalegea, na kulegea huko ndiko kunakoniumiza zaidi, maana kulikuwa kama kwa mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi iko ya kweli," aliwaambia wengine. "Huyu ni rafiki ya mwana wangu. Hawezi kumudanganya."

Walipigana Jumamosi, raundi tatu. Ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko chochote nilichowahi kuona; mdogo alikuwa hapa, hapana, yuko kule, na mimi nilipiga kelele mpaka koo likauma. Raundi ya pili mrefu alijifunza kumwegemea. Hakuhitaji hata kupiga sana; alimwekea mwili tu, na kila walipoachana mdogo alikuwa mzito zaidi wa miguu. Ya tatu alianguka mara mbili. Mara ya pili mwalimu alimshika mabega akamkalisha, na yeye akabaki anatazama miguu yake mwenyewe kana kwamba ndiyo iliyomsaliti. Hakuvunjika kitu. Damu kidogo ya pua, basi.

Na bado sijakuambia lililo baya kuliko yote. Jioni ile kwenye ngazi walinisubiri, wanataka kumcheka wakili wa aliyeshindwa. Nami sikuvumilia kuchekwa hata dakika moja. Nilisema kwamba tangu zamani nilimwona ana miguu dhaifu, kwamba kilo kwa kilo mrefu ndiye, na nani asiyeona. Nilisema vizuri, wakanishangilia. Nilipogeuka nilimkuta mdogo amesimama mlangoni na mfuko wake begani. Alinirudishia kalamu yangu, akaenda. Baada ya majuma mawili hakuja tena ukumbini, na mimi, nisamehe, nilishukuru.

Nyumbani tata alisema siku moja wakati wa kula kwamba yule mzee wa Kasulo ametulia siku hizi, analeta mifuko yake na kwenda bila maneno. Alisema kwa furaha ya mtu anayependa amani. Kaku akaniongezea bukari. Sikuweza kuimeza, nikasingizia tumbo, nikapewa dawa chungu ya majani na nikainywa yote.

Nilikwenda kusoma Lubumbashi, nikabaki huko. Tata alifariki, na kwenye mazishi yake watu wa depo walisema alikuwa mwaminifu. Nililia kwa sababu nilimpenda, na nampenda.

Kesho yake, baada ya wale vijana wa kinyozi kuniuliza swali lao, nilimuuliza mama kama yule mdogo bado yupo. Akasema yuko karibu, anatengeneza pikipiki za taksi karibu na shule yetu. Nilimkuta amechuchumaa, injini imefunguliwa mbele yake. Alinitambua kwa sauti kabla hajainua kichwa, akacheka, akanipa kiwiko maana mikono ilikuwa na mafuta. Akanionyesha picha za watoto wake wawili. Nikamuuliza kama wanapigana ngumi. Akasema hapana, wanacheza mpira.

"Mi mwenyewe niliachaka," alisema bila uchungu wowote. "Kama ule alikuwa ananipita kilo, ningerudilia. Lakini alikuwaka na kilo sawa na yangu, na akanipiga. Njo nikajua mi si mutu ya ile kazi."

Miaka yote hii nilidhani nilimnyang'anya pambano moja. Nikakaa chini kwenye kopo la rangi lililopinduliwa, nikamwambia. Nilimwambia juu ya mfuko wa unga, mshale, arobaini na tatu, na jinsi nilivyojua wakati naandika. Nilisema mrefu alimzidi kilo kumi au zaidi, na kwamba raundi ile ya kwanza, dhidi ya mtu wa uzito ule, ilikuwa ya bingwa. Alisikiliza huku anafuta spana ileile kwa kitambaa kilekile. Nilitegemea atukane, au acheke. Alipofungua mdomo hakuuliza lolote juu ya ngumi.

"Na mifuko ya tata yangu?"

Nikasema ndiyo. Na mifuko pia.

"Alikufa akisema shimo yetu iko na majiwe nyepesi," alisema. "Alikuwa anachimba zaidi, anaingia chini zaidi, juu ya ile tu." Kisha akaniomba radhi, rafiki yangu, akaniomba radhi mimi, kwamba mwenye pikipiki anaisubiri, akainama tena juu ya injini.

Nilirudi kwa miguu. Ukumbi sasa ni ghala la saruji. Mahali ilipokuwa nyumba ya yule mzee kule Kasulo, ambayo wajukuu wake wangeirithi, pamezungushiwa ukuta, na familia ilihamishwa. Depo ilibomolewa barabara ilipopanuliwa, na mizani ile sijui iliuzwa wapi, kwa nani. Tata hayupo, mzee wa Kasulo hayupo. Nilisimama mahali ilipokuwa depo, malori yakinimwagia vumbi, nikiwa tayari hatimaye kusema ukweli wa mizani ile mbele ya watu wote, na hapakuwa na mtu aliyeleta mfuko.