Watu Wasiohitaji "Wa"

Juzi, kwenye treni ya kwenda Harrow, huku ughaibuni nilikokulia, nilitazama video fupi kwenye simu. Bibi mmoja wa Kikomanchi, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, anamfundisha mtoto kuhesabu kwa lugha yao. Mtoto anakosea, bibi anacheka, wanaendelea. Nikajikuta nafuta machozi mbele za watu. Ngoja nikwambie kwa nini.

Nilipokuwa mdogo mama alikuwa nesi, kwa hiyo aliyenilea hasa ni mamake, nyanya yangu. Nilimwita hawe, kama Wagiriama wanavyowaita nyanya zao. Nikitoka shule nyumba ilikuwa inanukia iliki na mahamri, nguo zimeanikwa juu ya hita, dirisha limeloa mvuke. Kazi yangu ilikuwa kuchagua mbaazi mezani huku nikimweleza tulichosoma.

Jioni moja ilikuwa zamu ya Wakomanchi. Kwa Kiswahili changu cha kuokoteza nikamwambia kwamba jina hilo walipewa na majirani zao, Wayute, na inasemekana maana yake ni adui.

Hawe akageuka na mwiko mkononi. "Kumbe na wao wana Unyika wao!" Maana kwao, pwani ya Kenya, majirani waliwaita Wanyika, watu wa porini, na jina hilo lilimkera mpaka uzeeni. "Haya, na wenyewe wanajiitaje?"

"Numunuu. Maana yake watu."

"Ehe! Kwetu ni *atu*."

"Sasa niandike Wanumunuu?"

"We mtoto, utasema watu-watu? Hao washakuwa watu, usiwabandike 'wa' yako!" Tulicheka mpaka mahamri yakaungua.

Kicheko kilipopoa nikamwomba anifundishe Kigiriama.

"Kiswahili chenyewe wewe wakivunja mbavu," akasema. "Kinyooshe kwanza, mwanangu. Halafu nitakupa Kigiriama chote, mpaka matusi."

Alikuwa anatania. Lakini mimi ni mtu wa kuogopa kosa; hata ukurasa huu nimeufuta na kuuandika upya sijui mara ngapi. Utani wake niliuchukua kama mtihani. Nikaazima vitabu, nikajifundisha ngeli peke yangu, na kila alichoniuliza nikamjibu kwa Kiingereza, nikisubiri siku ambayo Kiswahili changu kingekuwa hakina doa. Yeye naye alisubiri. Wakati mwingine, akikanda unga, alijiimbia kwa Kigiriama, nami nilimsikiliza nikijiambia bado kidogo.

Sasa Kiswahili kimenyooka, kama unavyoona. Hawe hayupo. Nyumba ile wanakaa wengine, na nyimbo zile sikushika hata mstari mmoja.

Kwenye treni mtoto wa kwenye video alikosea tena, na bibi yake akampigia makofi. Nikazima simu, nikasema polepole, "Hawe."

Nililitamka sawasawa kabisa. Hakuna aliyeitika.