Tumepima, Ni Tumbo!

Enzi zetu kule kijijini Pundanhar, kaskazini mwa Msumbiji, nabii akishasema neno lake alikaa chini, akafunga mdomo, akangoja kupimwa. Ndiyo, kupimwa! Vijana wa leo wakisikia hivyo wanacheka, maana nabii wao wamemzoea na maikrofoni mkononi na spika zinazotikisa mabati. Akifungua mdomo tu, kanisa zima limeshaitika amina kabla hajafika mwisho wa sentensi. Sisi hatukulelewa hivyo, na nalisema kwa kujivuna.

Kanisa letu lilikuwa la udongo na nyasi, na mvua za kwanza zikinyesha lilinukia vizuri mno. Tulikaa juu ya magogo, makalio yakituuma, mawazo yetu yote yako kwenye mihogo na karanga zilizobaki jikoni. Karama zilikuwepo, tena tele. Wapo walionena kwa lugha, wapo walioombea wagonjwa wakaamka. Lakini neno la unabii lilipotoka, wazee walitazamana, wakaulizana: Linakubaliana na Maandiko? Linamjenga nani? Aliyelisema anapata nini? Jibu alilitoa Bibi Faustina, mzee wa kanisa, kwa sauti ya chini mpaka sisi watoto tuliacha kufinyana ili tumsikie.

Tukirudi nyumbani tulicheza kanisa nyuma ya jiko. Mmoja alifumba macho, akatetemeka kama kuku aliyenyeshewa, akasema, "Naona! Naona mtu ananipa muhogo wake!" Sisi wengine tulikunja nyuso za kizee, tukanong'onezana, kisha wote kwa pamoja: "Tumepima, ni tumbo!" Tulicheka hadi mama akatutokea na mwiko.

Mama yangu naye alikuwa na karama hiyo, na watu walimheshimu. Wakati ule kaka yangu Alberto alikuwa amevuka mto Ruvuma kwenda kutafuta kazi, na misimu ilipita bila habari yake. Jumapili moja mama alisimama akasema, "Bwana ananiambia Alberto atarudi kabla hatujavuna." Akakaa. Mimi nilitaka kupiga vigelegele palepale, maana kaka nilimpenda jamani! Wazee wakatazamana. Bibi Faustina akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, aliyesema ni Roho, au ni moyo wa mzazi?"

 Mama akasimama tena, machozi yanamtiririka, akasema mbele ya watu wote, "Ni moyo wangu, mama. Nisameheni."

Hakuna aliyemcheka wala kumwita nabii wa uongo. Mavuno yalipofika Alberto hakuwepo, ila wanawake wa kanisa walijaa shambani kwetu, vikapu vichwani, wanaimba. Kaka alirudi miaka mingi baadaye, mama akiwa bado hai, ashukuriwe Mungu.

Siku hizi naishi Quitunda, tulikokuja baada ya vita kufika kijijini kwetu. Mwanangu Bento tulipotezana naye siku ile tulipowakimbia wenye bunduki, na mpaka leo sijui aliko. Jumapili iliyopita kijana mmoja nabii, mgeni kwetu, alininyooshea kidole. "Mama, mwanao yu hai! Atabisha mlangoni kwako kabla ya Pasaka!" Kanisa likalipuka kwa makofi.  Ee, hakuna mle ndani aliyetaka kuitika amina kuliko mimi!

"Ahsante, mwanangu," nikamwambia. "Sasa kaa chini, tupime."

Makofi yakafa. Bibi mmoja tuliyekua naye Pundanhar akainua kichwa, akatabasamu. Kijana akaitazama maikrofoni, akatutazama sisi, kisha, Mungu ambariki mama aliyemzaa, akaiweka chini na kukaa. "Mama," akasema bila spika, "nilikuona unalia wakati wa maombi. Nikakuonea huruma."

Sikumlaumu. Nilimwalika aje tupalilie pamoja, na kweli alikuja, ingawa jembe analishika kama simu. Ana karama yule kijana, ila hajapata wa kumpima. Sisi tulikuwa nao, katika kanisa la nyasi. Leo tuna mabati, tuna spika, na ahadi kila Jumapili.

Bento hajarudi. Mlango wangu siufungi komeo, hata usiku. Lakini huo si unabii, ni moyo wangu.