Maganda ya Bunduki ya Papa

Papa, baba yangu mzazi, alipoanza kuona ukungu jichoni, aliniita nimchagulie maganda ya risasi. Mimi ni mshonaji. Nakaa naye Shituru, mtaa wa Likasi huku Kongo, katika nyumba yake ya zamani ya kampuni, na aliyaamini macho yangu kwa kuwa natunga uzi sindanoni bila miwani. Sikuipenda kazi ile. Kila nilipoishika shaba ile ya manjano, nilipangusa vidole kwenye gauni.

Bunduki yake ya kuwindia haikuwa na risasi dukani, si Likasi wala Lubumbashi. Fundi mmoja aliyefanya naye kazi kiwandani aliitanua sehemu inapokaa risasi, akitaka ipige kwa nguvu zaidi, kisha akamwachia ikiwa haikubali tena risasi za kawaida. Tangu hapo Papa huchukua maganda ya bunduki nyingine, huyalainisha shingo kwa moto na kuyasukuma ndani ya kalibu ya chuma mpaka yapate umbo jipya. Akishayapiga, huyaokota ayatumie tena. Lakini shaba huchoka, na ganda lililochoka linaweza kupasuka ndani ya bunduki, karibu kabisa na uso wa mpigaji.

Mwaka huu, mvua zikielekea kuisha, shangazi alipiga simu kutoka Kapolowe. Kiboko alikuwa anatoka mtoni kula mahindi yao, na alikwisha kumkimbiza jirani hadi mlangoni kwake. Ruhusa ya serikali ya kumpiga ilikuwa imetolewa. Papa akasema anaondoka kesho.

Umeme ulikuwa umekatika, nikakaa barazani penye mwanga kuyakagua maganda. Ganda la kwanza lilikuwa zima. La pili, karibu na kitako, lilizungukwa na mstari unaong'aa. La tatu vilevile.

“Papa, hii iko na alama.”

“Iko buchafu tu. Futa.”

Nilifuta kwa kitambaa, nikafuta tena.

“Haitoke.”

“Weye unaogopa sana, mama.” Ananiita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake. “Batu banangoya kule.”

Kweli watu walikuwa wakimngoja Kapolowe. Nilikunja ncha ya waya, nikamtia mkononi pamoja na ganda. “Sikia mwenyewe, Papa.”

Aliuingiza waya, akakwaruza ndani polepole. Mkono ukasimama. Akarudia.

“Iko mufereji ndani,” akasema kwa sauti ndogo. “Inataka kukatika.”

Tulibakiwa na maganda machache mazima. Aliyajaza baruti hayo hayo, asubuhi akaenda Kapolowe.

Siku ile nilishona mkono wa blauzi kwenye tundu la shingo. Niliufumua, nikaenda barabarani, nikarudi, nikaupiga pasi mkono ambao haujashonwa. Simu ya shangazi haikupatikana. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo nilidhani imeniletea habari. Kulipokucha sikuweza tena kukaa. Nilipanda gari la Kapolowe.

Nilimkuta ameketi uani kwa shangazi, bunduki magotini, risasi ametoa zote na kuzipanga chini. Nilimtazama uso kwanza. Ulikuwa mzima.

“Ulipiga?”

“Sikupiga.” Alisogeza risasi moja kwa kidole. “Alfajiri niliona biboko mbili. Moja ilikuwa kiboko. Ingine, sijue. Pengine ilikuwa shemeji.”

Shemeji, yaani mume wa shangazi, alikuwa amesimama kweli ndani ya mahindi, na tochi iliyozimika. Alikuwa ameshindwa kumngojea Papa nyumbani. Mwishowe majirani walimrudisha mnyama mtoni kwa kelele na mabati, na sehemu kubwa ya shamba ikawa imelala chini.

Shangazi alitupakulia bukari, ugali wetu, na samaki bila kumtazama kaka yake. Hakuna aliyemlaumu kwa mdomo. Papa alikula kidogo, akaomba maji, akaomba tena.

Sasa bunduki imefungiwa kabatini. Papa anasubiri kupasuliwa jicho Lubumbashi, na kila jioni ananiuliza daktari amesema nini. Namwambia avumilie. Kisha nageukia cherehani, na sijui mimi mwenyewe ninaomba jicho lile lipone au libaki hivyo, bunduki ikae kabatini.