Mkebe wa Kifuniko Chekundu

Jirani yangu, dereva wa basi la shule hapa Wyoming, hujitengenezea mwenyewe risasi za shabaha za mbali. Baruti huipima punje kwa punje kwa kibano, na ganda la risasi lililozidi mwenzake hata kwa unene wa unywele hulitupa. “Nyamaza kwanza, bibie,” huniambia bila kuinua macho. Jumamosi nilikuwa nimelala kifudifudi uwanjani, risasi yake imo bundukini, shabaha mita elfu mbele, aliposema taratibu, “Toa kidole.” Nilidhani ananitania. “Toa kidole, Verna. Mkebe wa baruti niliotumia jana ulikuwa na kifuniko chekundu.” Akaichomoa ile risasi, akaing’oa kichwa kwa koleo na kumimina baruti kiganjani. Vile vijiti vyeusi vya baruti ya bunduki havikuwemo. Vilikuwa vipande bapa, baruti ya bastola, ile ya kifuniko chekundu, inayolipuka upesi mno. Bunduki ingenipasukia usoni. Mikono yake, ambayo sikuwahi kuiona ikitikisika, ilitetemeka hadi baruti ikamwagika nyasini. Akazifumua risasi zote arobaini na tisa zilizobaki, moja moja. Kisha akaniomba nimfungie zipu ya jaketi.